Fika mwenyewe

Somo: Mwanzo 28:10–19



Ukitoka Mwanza kwa barabara ya Musoma ukafika Kisesa, ulizia Bujora. Pale kuna kanisa la duara, kwa mfano wa nyumba ya Kisukuma, kazi ya Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada. Picha zake nilikuwa nimeziona mara nyingi. Siku nilipoingia ndipo nilipoelewa: ukuta unakuzunguka, huna kona ya kujificha. Picha haikuwahi kunipa hilo.

Jambo hilo alilishikilia sana Richard Serra, mchonga sanamu wa Marekani aliyefariki Machi 2024. Sanamu zake nyingi ni mabamba makubwa ya chuma yasiyo na sura ya mtu wala mnyama. Mwaka 1981 alisimamisha moja New York, kwenye uwanja wa ofisi za serikali: urefu mita 36, kimo zaidi ya mita 3 na nusu, limeinama kidogo. Aliyetaka kuvuka uwanja ilimbidi alizunguke. Mwili ulitambua kabla ya akili: hatua zinapungua, kichwa kinainuka, mtu anajiona mdogo.

Wafanyakazi wengi walilalamika kwamba linawazibia njia, na hatuwezi kuwalaumu. Iliposhauriwa lihamishiwe kwingine, Serra alikataa. Kwake, kulihamisha kulikuwa ni kuliharibu, maana lilitengenezwa kwa ajili ya pale tu. Mwaka 1989 likakatwa vipande, likapelekwa ghalani.

Yakobo angemwelewa. Alilala njiani, jiwe likiwa mto wake, akaamka na hofu kwa kutambua kuwa Mungu yupo mahali pale. Jiwe lile akalisimamisha palepale. Na Mungu mwenyewe, alipotaka kutuokoa, hakuishia kutuma salamu. Alitwaa mwili, akakaa kwetu, na Tomaso akaonyeshwa makovu.

Shangazi yangu alipofiwa na mumewe, nilituma rambirambi kwa simu, pesa pamoja na ujumbe mrefu. Nilikwenda kumwona baada ya miezi mitatu. Alinikaribisha vizuri, kisha akasema, "Pesa niliipata, mwanangu. Wewe sikukupata."

Sikuwa na jibu.

Ndugu yangu, wiki hii yuko mgonjwa, mfiwa au mzee anayekusubiri. Simu ni njema, ila haiketi mkekani. Nenda ukaketi naye.

Jumapili njema.