Gari Moja, Wazazi Wawili!

Washikaji, ubishi wa Toyota 86 na Subaru BRZ haujawahi kupata refa. Hivi vigari vya milango miwili vilitoka Japani mwaka 2012, vinafanana kama mapacha. Watu wa Subaru watakwambia ni mtoto wao: injini ya boksa ni yao, na kiwanda kilichoviunda ni chao, huko Gunma. Wa Toyota nao wanakuja juu: umbo letu, mfumo wa kuingizia petroli D-4S wetu, na hiyo 86 tumeitoa kwenye AE86 yetu ya miaka ya 1980!

Hapo mie simo. Ya wazazi waachie wazazi.

Kinachonikera ni wanaolidharau eti halina turbo, farasi 200 tu. Jamani! Gari la kilo 1,200 na ushee, linasukumwa na tairi za nyuma, unataka kupaa? Tena mengi yalifungwa tairi za aina ile ile ya Toyota Prius, gari la kubana mafuta. Makusudi kabisa, ili kitako kiserereke kwenye kona hata kama hukimbizi sana. Hiyo ndiyo raha yenyewe.

Ila hoja moja nawapa. Injini ikifika kwenye mizunguko kama 4,000 kwa dakika, nguvu ilikuwa inazubaa kidogo, halafu ndo inarudi. Mwaka 2021 kikaja kizazi cha pili na injini ya lita 2.4 badala ya 2.0, pengo likazibwa.

Turbo hawakuweka. Basi, ubishi ukaanza upya.