Mchanga wa Ukambani: Wajenzi wautaka, visima vyautegemea

MALORI yanayosafiri kutoka mito ya Makueni na Kitui hadi Nairobi hayakufuata mchanga wowote tu. Punje za huko zimetokana na miamba migumu iliyomomonyoka, zikaoshwa na mafuriko mwaka baada ya mwaka hadi tope likatoka.

Usafi huo ndio wenye thamani. Saruji haigandi kwa kukauka, bali kwa kuungana na maji, kisha hushika punje. Punje zikifunikwa na tope, saruji hushika tope, na nguzo hudhoofika.

Fundi hupima kwa chupa angavu. Hutia mchanga na maji yenye chumvi kidogo, hutikisa, kisha husubiri saa kadhaa. Tabaka la tope likizidi takriban asilimia 8 ya kimo cha mchanga, huuosha au huukataa. Maabara nazo huponda vipande vya zege vyenye milimita 150 kila upande, vikiwa na umri wa siku 7 na 28.

Bahati mbaya, mchanga huohuo ndio tangi la wenyeji. Kati ya punje kubwa, safi, robo ya ujazo au zaidi huweza kuwa maji yaliyokingwa na jua. Kwa sababu hiyo, mamia ya mabwawa ya mchanga yamejengwa Kitui tangu miaka ya 1990. Mchanga ukizolewa hadi kwenye mwamba, visima vya mtoni hukauka. Makueni ilitunga sheria ya kuuhifadhi mwaka wa 2015.

Wajenzi wengine hutumia vumbi la machimbo ya mawe. Nalo sharti lipimwe: unga ukizidi, zege hudai maji mengi na kupoteza nguvu.