Pumzi Iliyopotea Katika "Dobi"

Nilimwambia mwalimu mmoja wa Kimarathi, lugha ya India, kwamba nguo zangu ziko kwa dobi. Akatabasamu. "Neno letu hilo, lakini pumzi yake mmeiacha wapi?"

Kwao ni dhobi, na dh hiyo haifanani kabisa na ya dhahabu. Ni d inayotoka na pumzi nzito, kama ya mtu anayetua mzigo. Sisi tulibakiza d kavu, kama tulivyogeuza bhang kuwa bangi. Swali lake likanikaa rohoni hadi Jumamosi nikarudi.

Ni mama wa Pune aliyeolewa Nairobi, na hufundisha watoto wa Parklands Kimarathi sebuleni kwake. Wao humwita Bai, kama aitwavyo mwalimu wa kike Maharashtra. Aliomba nisimtaje jina.

Akanipa maneno manne. Kiganja mbele ya mdomo, akasema, kidole gumba kooni. Kaal, jana: kiganja hakipati kitu. Khaal, mtakula: upepo unakipiga. Gaal, shavu: koo linanguruma mapema, ulimi haujaachia bado. Ghaal, vaa: koo linanguruma na kiganja kinapata pumzi, vyote kwa pamoja, na irabu inayofuata inaanza kwa kuhema. Nilijaribu, nikajaribu tena. Kila mara ilitoka gh ya gharama. "Hiyo unaikwaruza," akanisahihisha. "Funga kabisa, halafu uachie."

Mmvita anayetenganisha paa la nyumba na paa wa porini kwa pumzi angeipata khaal bila taabu. Ghaal ndiyo kazi.

Hata wapimaji wa sauti iliwasumbua. Mwaka 1964 Leigh Lisker na Arthur Abramson walichunguza lugha 11, Kimarathi ikiwemo, kwa kipimo kimoja: muda kati ya konsonanti kuachiwa na nyuzi za sauti kuanza kutetema. K, kh na g zikatengana vizuri. G na gh zikagoma, maana katika zote mbili koo huanza kunguruma kabla ya kuachia. Tofauti yao huja baadaye: katika gh nyuzi zinatetema bila kufungana sawasawa, na hewa inavuja katikati. Wanafonetiki wa kale wa India, wasio na chombo chochote, walikwisha kueleza kwamba hapo koo halijafungwa wala halijafunguka. Nilipolisoma hilo nilisisimka. Walisikiliza kwa makini kiasi gani?

Bai alikuwa hajamaliza. Kimarathi hutia pumzi hata kwenye m: man ni kipimo cha kale cha uzito, mhan ni "sema", na pia ni methali. Akamwita msichana wa miaka saba asome. Mhan ikatoka man. Akarekebishwa, ikatoka safi. Dakika chache baadaye, akicheza na mwenzake, ikarudi man.

"Shuleni Kiingereza, nje Kiswahili," Bai akasema, sauti imeshuka. "Sijui kama anaisikia na kuiacha, au haimfikii."

Nikamuuliza kama wazee wetu waliolipokea dhobi walikuwa vivyo hivyo. Hakujibu. Aliushika mkono wangu, akausogeza mbele ya mdomo wake, akalitamka tena neno lile, polepole.