Rekodi za Kioo: Menyu, Vitufe na Tarakimu kutoka Mwadui hadi Geita

Shinyanga haihitaji kubembeleza nafasi kwenye vitabu vya rekodi. Oktoba 2022, mnadani Hong Kong, almasi ya waridi ya karati 11.15 iliuzwa kwa dola milioni 57.7 za Marekani, na hadi siku hiyo hakuna almasi iliyokuwa imeuzwa mnadani kwa bei kubwa zaidi kwa kila karati. Jiwe lilitoka Mwadui, kwenye mgodi ambao mwanajiolojia John Williamson aliugundua mwaka 1940. Lilipochimbwa lilikuwa na karati 32.32, likauzwa likiwa ghafi kwa dola milioni 13.8. Wakataji wakaondoa karibu theluthi mbili yake, na bei ikapanda mara nne.

Kwa anayebuni tovuti au programu ya simu, hesabu hiyo inaeleza kazi yake kuliko vitabu vingi. Kuanzia Mwadui, upite Kahama, Masumbwe na Katoro mpaka Geita mjini, menyu na vitufe ambavyo watu wanavitumia kweli ni vile vilivyokatwa mpaka vikabaki na kilicho muhimu. Hizi hapa ni rekodi za ukanda huo, pamoja na chache za mbali zinazosaidia kuzipima. Nyingine zimepimwa kwa namba, nyingine ni hukumu yangu, na atakayepinga apinge.

Menyu inayotumika kuliko zote

Hapa hakuna ubishi: ni menyu ya nyota na reli. *150*00# kwa M-Pesa, *150*60# kwa Airtel Money, *150*88# kwa HaloPesa, *150*01# kwa iliyokuwa Tigo Pesa na sasa inaitwa Mixx by Yas. Haina rangi, haina picha, haihitaji bando, na ukurasa wake mmoja haubebi zaidi ya herufi 182, ukijumlisha nukta na nafasi. Kikomo hicho kinatokana na ujumbe wa baiti 160 unaopakiwa herufi za biti saba saba. Mwambie mbunifu wa tovuti aandike ukurasa mzima kwa herufi 182 uone kama hataomba likizo.

Nenda kwenye kibanda cha wakala Katoro, saa saba mchana. Mchimbaji ametoka kwenye duara la kuchimbia, vumbi la karasha ya kusagia mawe limemkaa mpaka kwenye kope, simu yake ya kitochi imefungwa kwa mpira nyuma ili betri isichomoke. Mkono mmoja umekikinga kioo dhidi ya jua. Kidole gumba cha mkono wa pili kinabonyeza namba moja baada ya nyingine, na macho yake yako kwa wakala anayehesabu noti. Hasomi. Ameikariri menyu kwa kidole, na maandishi yakichelewa kutokea yeye anasubiri kidogo tu, kisha anaendelea pale pale alipoishia.

Ndiyo maana kanuni ya kutobadilisha mpangilio ni sheria ya fedha, wala si suala la urembo. Jakob Nielsen, mtaalamu wa ubunifu wa violesura, aliiweka kwenye orodha yake ya kanuni 10 za mwaka 1994, lakini mtu wa Katoro hahitaji kumsoma Nielsen. Ukihamisha huduma kutoka namba 3 kwenda namba 5 kwa sababu ofisini mmeona inapendeza zaidi, kesho yake maelfu ya watu watanunua wasichokitaka. Tuma Pesa inakaa juu kabisa kwa sababu ndicho kitu ambacho watu wengi wanakifuata. Tovuti ngapi za taasisi zetu zinaweka juu kile ambacho mwananchi anakifuata, badala ya picha ya mkurugenzi akikata utepe?

Kuna hatua moja katika menyu hizi ambayo ningeipa nishani peke yake: jina la mpokeaji kuonekana kabla hujaruhusu pesa iondoke. Katika nchi ambayo kila mwenye simu amewahi kupokea ule ujumbe wa matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii", mstari huo mmoja wenye jina la mtu umeokoa mishahara.

Skrini iliyotia hasara kubwa

Hii haikutokea kwetu. Agosti 2020, benki ya Citibank ya Marekani ilitaka kuwalipa wadai wa kampuni ya vipodozi ya Revlon riba ya takriban dola milioni 7.8. Zikatoka karibu dola milioni 900. Ili kuzuia deni lenyewe lisilipwe pamoja na riba, programu ilimtaka mfanyakazi aweke alama kwenye visanduku vitatu, ila skrini haikumwambia hivyo. Akaweka kwenye kimoja. Watu watatu waliupitia muamala ule na wote wakauona uko sawa. Karibu dola milioni 500 hazikurudi mara moja. Februari 2021 jaji akasema waliozipata wana haki ya kubaki nazo, na benki ikasubiri hadi Septemba 2022 mahakama ya rufaa ilipotengua hukumu hiyo.

Linganisha na kitochi cha shilingi elfu chache kinachokuuliza waziwazi: unamtumia fulani, kiasi hiki, unakubali? Benki yenye ofisi Manhattan ilikosa sentensi hiyo moja.

Namba fupi yenye kazi nzito

115. Tarakimu tatu, bure kupiga, ndiyo namba ya m-mama, mfumo wa kuwasafirisha wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga wanapopata dharura. Ulijaribiwa kwanza Sengerema na Shinyanga, kisha ukazinduliwa kitaifa mwaka 2022. Mama au mhudumu wa afya anapiga, na mpokeaji kwenye kituo anauliza maswali kwa kufuata programu iliyo mbele yake. Programu inamsaidia kuamua mgonjwa aende kituo gani na nani amchukue. Kama gari la wagonjwa liko mbali, anapigiwa dereva wa kijijini aliyesajiliwa, na malipo yake yanakuja kwa simu.

Ninachokipenda hapa ni mgawanyo wa ugumu. Umbali, aina ya dharura, orodha ya madereva, malipo: yote yamerundikwa upande wa aliyefundishwa na aliyekaa kwenye kiti. Mwenye uchungu amebakiziwa sauti na tarakimu tatu. Wabunifu wengi hufanya kinyume, wanamwachia mteja fomu ya kurasa nne ili wao wapate usingizi.

Namba ndefu ya kulipia

Ni ile ya kumbukumbu ya malipo ya serikali, ambayo mitaani wote tunaiita kontroo namba. Ina tarakimu 12, na imesambaa tangu mfumo wa GePG ulipoanza mwaka 2017. Ada ya leseni ya uchimbaji mdogo inalipwa kwayo, na faini pia. Mwanasaikolojia George Miller aliandika mwaka 1956 kwamba kumbukumbu ya muda mfupi ya binadamu hubeba kama vitu saba, viwili juu au viwili chini. Kumi na mbili zimepitiliza.

Dawa yake ni rahisi. Ziandike nne, nafasi, nne, nafasi, nne. Kisanduku cha kuingizia kikubali nafasi hizo bila kufoka, na simu ifungue kibodi ya namba badala ya ile ya herufi, jambo ambalo kwenye HTML ni sifa moja tu, inputmode. Bado kuna tovuti zinazomwandikia mtu "namba si sahihi" kwa sababu tu ya nafasi moja aliyoibandika pamoja na namba. Huo ni uvivu wa mtengenezaji, na ningeuita kwa jina hilo hata mbele yake.

Tarakimu ghali kuliko zote

Soko la madini la kwanza nchini lilifunguliwa Geita, Machi 2019. Ndani ya soko kama hilo, kiolesura kinachotazamwa na macho mengi ni kioo kidogo cha mizani. Oktoba 2025 dhahabu ilivuka dola 4,000 kwa wakia. Wakia moja ni gramu 31.1, kwa hiyo gramu ilipita dola 128, na tarakimu ya pili baada ya nukta, ile inayocheza cheza upepo ukipita, ikawa na thamani ya zaidi ya dola moja kila inapopanda au kushuka.

Ndiyo maana kioo cha mizani nzuri kina mambo machache: tarakimu kubwa, kipimo pembeni, na alama ya kuonyesha kwamba uzito umetulia. Alama hiyo ndiyo somo. Programu nyingi za simu hazikuambii kama kazi imekwisha au bado inaendelea, nawe unabonyeza tena, na tena, halafu unajikuta umelipa mara mbili. Utafiti wa tangu miaka ya 1960 unasema jibu likija ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde mtu huliona la papo hapo, ndani ya sekunde moja mawazo yake hayakatiki, na zikipita 10 anaanza kuangalia pembeni. Kwa mtandao wa vijiji vya Mbogwe, sekunde 10 ni siku ya kawaida. Basi mwambie unachofanya: "Tunatuma, usibonyeze tena." Maneno matatu.

Tofauti kubwa ya rangi

Nyeusi juu ya nyeupe, 21 kwa 1. Hakuna inayoizidi. Viwango vya W3C, shirika la viwango vya wavuti, vinataka maandishi ya kawaida yasishuke chini ya 4.5 kwa 1, na kile kijivu laini kinachopendwa na wabunifu, #999999 juu ya nyeupe, kinaambulia 2.85. Ofisini kwenye kiyoyozi kinavutia. Toka nacho nje Shinyanga mwezi wa tisa, kwenye jua na vumbi, na kioo chenye ufa, usome.

Vitufe navyo vina kipimo. Mwanasaikolojia Paul Fitts alionyesha mwaka 1954 kwamba kadiri shabaha inavyokuwa ndogo na mbali, ndivyo mkono unavyochelewa kuifikia. Google wanashauri kitufe cha kugusa kisipungue kama milimita 9 kila upande. Kwa kidole kilichoshinda kwenye nyundo na patasi, ningeongeza.

Kurasa nyepesi, kurasa nzito

Ukurasa wa kwanza wa tovuti duniani, uliotangazwa hadharani na Tim Berners-Lee Agosti 1991, ulikuwa maandishi na viungo tu, na mpaka leo unafunguka hata kwenye simu dhaifu. Ukurasa wa wastani wa siku hizi umepita megabaiti 2. Mwenye bando la MB chache anajua anachopoteza kabla hata hajasoma kichwa cha habari. Picha ya ukurasa wa mbele ikishushwa hadi kilobaiti 100, hakuna mgeni atakayegundua, ila bando lake litagundua.

Menyu kongwe za Kiswahili

Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Miaka zaidi ya 20 imepita, na bado utakuta tovuti iliyotengenezwa hapa hapa kwa ajili ya mkulima wa pamba wa Kishapu, vitufe vyake vyote vya Kiingereza. Wasukuma ndio kabila kubwa kuliko yote nchini, na wazee wao wengi hata Kiswahili cha ofisini kinawapa tabu. Weka "Endelea" na "Rudi". Yanatosha.

Zana

Iliyotajwa kwa bei kubwa zaidi ni Figma, ya kuchorea sura za programu watu wengi wakiwa kwenye mchoro mmoja. Septemba 2022 Adobe walitangaza kuinunua kwa dola bilioni 20, na Desemba 2023 wakaachana nayo kwa sababu ya wasimamizi wa ushindani. Ina ngazi ya bure inayomtosha anayeanza. Asiyetaka kufungwa na kampuni ana Penpot, ambayo ni huria.

Iliyoenea kuliko zote ni WordPress, inayobeba zaidi ya asilimia 40 ya tovuti duniani. Bootstrap, iliyotoka Twitter mwaka 2011, bado ndiyo njia ya mkato ya kupata vitufe na safu zinazojipanga vizuri kwenye simu. Lakini mimi ningemwelekeza kijana wa Kahama kwanza kwenye kitu ambacho tayari anacho: kivinjari cha Chrome cha kompyuta. Ndani yake kuna Lighthouse, inayokupa alama za kasi na ufikivu, na kuna sehemu ya kubana mtandao ili uone tovuti yako inavyokokota kwenye 3G. Bonyeza F12, bana, kunywa chai, angalia kama imefunguka.

Ya bei rahisi kuliko zote ni daftari la shule na kalamu ya risasi. Chora skrini kila ukurasa mmoja, mpe mtu, mwambie aguse kwa kidole pale ambapo angebonyeza, nawe ugeuze kurasa. Nielsen aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano wanatosha kufichua kama asilimia 85 ya kasoro. Wanne utawapata kwenye foleni ya wakala yeyote. Wa tano awe mzee ambaye kwa kawaida humpa mjukuu simu amsomee. Usimsaidie, usimweleze kitu. Akianza kugeuka kumtafuta mjukuu, andika ni ukurasa wa ngapi.