Sukari ya Damu Yataka Daftari, Kama Maziwa

Wakulima wengi katika skimu zetu wanajua kuweka daftari. Kila ng'ombe ana ukurasa wake, na asubuhi na jioni maziwa hupimwa na kuandikwa. Yakipungua, mwenye ng'ombe hangoji mpaka mnyama alale chini. Hutazama daftari, akauliza amekula nini na amekunywa maji kiasi gani, kisha humwita Bwana Mifugo.

Mwezi huu nataka kusema na mkulima mwenye ugonjwa wa kisukari, pamoja na jamaa zake, kwa sababu ugonjwa huu wataka daftari vile vile. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na mali ya kwanza ya mkulima ni mwili wake.

KISUKARI NI NINI?

Chakula tulacho, hasa ugali, wali, viazi na mkate, hugeuka kuwa sukari, na sukari hiyo huingia katika damu. Lakini ili itoke katika damu na kuupa mwili nguvu, yahitaji insulini, ambayo hutengenezwa na kongosho.

Fikiri juu ya mfereji wa kunyweshea mpunga. Maji yaweza kuujaza mpaka ukafurika, lakini kama milango ya vipande haikufunguliwa, mpunga utakauka na maji yako karibu. Insulini ndiyo ifunguayo milango. Mwenye kisukari ama hana insulini, ama anayo lakini haitoshi au haifanyi kazi sawasawa. Basi sukari hujaa katika damu huku mwili una njaa. Ndiyo sababu mgonjwa huona kiu, hukojoa mara nyingi, hukonda na huchoka.

Sukari ikizidi kwa miaka huharibu macho, mafigo, moyo na mishipa ya miguu. Mtu ambaye mguu wake umekufa ganzi aweza kutembea na mwiba siku tatu asijue, na kidonda kikaoza hata mguu ukakatwa.

HESABU ZA KUKUMBUKA

Kidole huchomwa kidogo, na tone la damu hutiwa katika kijiti cha mashine ndogo ya kupimia. Mashine huonyesha hesabu ya milimoli kwa kila lita ya damu. Kwa watu wazima wengi wenye kisukari, hesabu nzuri ni hizi:

1. Kabla ya kula: kati ya 4 na 7.
2. Saa mbili baada ya kula: isizidi 10.
3. Chini ya 4: sukari imepungua mno. Tengeneza mara moja.

Mama mja mzito, mtoto au mzee sana aweza kupewa hesabu nyingine na daktari wake. Afuate hiyo. Kiko pia kipimo cha hospitali kinachoonyesha hali ya sukari kwa muda wa miezi mitatu hivi. Kwa wengi hutakiwa kiwe chini ya 7 katika 100.

Katika daftari andika siku, saa, hesabu, ulichokula, dawa uliyotumia na kazi uliyofanya. Vijiti vya kupimia vina gharama, kwa hiyo waulize watu wa kliniki ni siku gani na saa gani zitakufaa wewe. Anayejidunga insulini yampasa kupima mara nyingi zaidi. Ukienda kliniki, chukua daftari lako. Daktari hawezi kurekebisha dawa vizuri kwa kukisia.

HATARI YA SHAMBANI

Wengi huogopa sukari kupanda, na kusahau kwamba kushuka kwake kwaweza kuua kwa saa chache. Kazi ya jembe hula sukari ya damu, na huendelea kuipunguza hata usiku baada ya kazi kwisha.

Chukua mfano wa mkulima aliyejidunga insulini alfajiri, mvua imenyesha, naye akakimbilia kupanda bila kunywa uji. Saa nne anatetemeka, jasho baridi lamtoka, moyo wamwenda mbio, na maneno yake hayaeleweki. Majirani husema amelewa, wakamwacha alale chini ya mti. Hapo ndipo mtu hufa. Hatari hii huwapata wanaotumia insulini na baadhi ya vidonge; muulize daktari kama vyako ni miongoni mwao.

Fanya hivi:

1. Usitumie dawa hizo kisha ukaenda kulima na tumbo tupu. Kama kipimo ni chini ya 5, kula kwanza.
2. Chukua sukari katika karatasi, mfukoni, kila siku.
3. Dalili zikianza, acha kazi. Koroga vijiko vidogo vitatu au vinne vya sukari katika maji, unywe. Ngoja dakika 15, upime tena. Kama bado, rudia. Kisha ule chakula.
4. Mtu akizimia, msimtie kitu kinywani. Mlazeni ubavu, mkimbizeni hospitali.
5. Waambie mke au mume, watoto na jirani wa shamba dalili hizi. Ugonjwa uliofichwa hauna msaidizi.

CHAKULA CHETU CHATOSHA

Hakuna haja ya chakula cha duka kubwa. Gawa sahani: nusu iwe mboga kama sukuma wiki, kabichi au mchicha, robo iwe maharagwe, samaki, yai au nyama, robo iwe ugali, wali au viazi. Maharagwe huipandisha sukari polepole kuliko ugali mtupu. Chai ya sukari, soda na maji ya matunda huipandisha upesi. Asali nayo ni sukari, ingawa imetoka mzingani. Pombe kwa tumbo tupu yaweza kuishusha sukari vibaya.

MIGUU NA DAWA

Usilime bila viatu. Kila jioni osha miguu, ikaushe katikati ya vidole, uitazame. Kidonda kidogo ni cha kupelekwa dispensari kesho, si mwisho wa mwezi.

Chupa ya insulini isiyofunguliwa yawekwa mahali baridi, lakini isigande. Asiye na friji aweza kuiweka ndani ya chungu cha udongo kilichowekwa katika chungu kikubwa chenye mchanga mbichi, kivulini. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2021, uliotumia joto lililopimwa katika kambi ya Dagahaley huko Dadaab, ulionyesha kwamba insulini ilidumisha nguvu zake kwa wiki nne katika joto la digrii 25 hadi 37.

Usiache dawa kwa sababu umepata nafuu, wala kwa sababu mtu wa sokoni amekuuzia mizizi. Ukiwa na homa usiache insulini. Ukitapika na kipimo kimepita 14, nenda hospitali siku ile ile.

Leo jioni, ukimaliza kuandika maziwa, fungua ukurasa mpya. Andika jina lako juu yake.