Vifo vya ghafla: tusiishie kuuliza nani karoga

"Alikula vizuri, akalala, asubuhi hakuamka." Kauli hii tumeizoea misibani, nyumbani na huku ughaibuni. Baada ya hapo huanza minong'ono: karogwa, kalishwa sumu. Wengine husema siku yake ilifika, na hilo hatubishani nalo. Hata hivyo, mara nyingi chanzo cha kitabibu kipo, na kukijua kunaweza kuwaokoa waliobaki.

Wataalamu wa tiba wanasema chanzo kikubwa ni moyo. Kwa watu wa makamo na wazee, mishipa inayolisha moyo huziba kwa mafuta na damu iliyoganda. Huo ndio mshtuko wa moyo. Mgonjwa huweza kubanwa na kifua, maumivu yakaenda mkononi au tayani, akatoka jasho jembamba. Mshtuko huo unaweza kuvuruga umeme wa moyo, moyo ukatetemeka badala ya kusukuma damu, na mtu akaanguka papo hapo.

Kwa vijana, aghalabu chanzo ni kasoro ya kurithi. Tarehe 26 Juni 2003 Marc-Vivien Foé wa Cameroon, mwenye umri wa miaka 28, alianguka uwanjani mjini Lyon, Ufaransa, katika mechi dhidi ya Colombia, akafariki dunia. Uchunguzi wa maiti ulionyesha kuwa misuli ya moyo wake ilikuwa imenenepa kupita kiasi. Mara nyingi mtoto wa mwenye maradhi hayo ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuyarithi.

Si moyo peke yake. Mshipa wa damu huweza kupasuka ubongoni, au mshipa mkuu utokao moyoni ukachanika. Damu nayo huweza kuganda mguuni, kisha bonge likasafiri hadi mapafuni. Hatari hiyo huongezeka kwa aliyelala kitandani muda mrefu, aliyefanyiwa upasuaji, na hata sisi tunaokaa saa nyingi kwenye ndege kurudi nyumbani. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, usipuuze.

Nyuma ya mengi ya haya kuna presha. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria mwaka 2021 kuwa watu bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 walikuwa nayo, na karibu nusu yao hawakujua. Presha haina kelele. Mtu hujisikia mzima, anafanya kazi zamu mbili, anatuma fedha nyumbani, kumbe mishipa inaumia. Kuipima ni kazi ya dakika chache.

Na mtu akianguka? Tarehe 17 Machi 2012 Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa aliyekuwa akichezea Bolton, alianguka uwanjani London akiwa na miaka 23. Moyo wake haukupiga wenyewe kwa dakika 78, lakini alipona, kwa sababu alianza kuhudumiwa pale pale.

Kwa hiyo, ukimwona mtu ameanguka, haitiki na hapumui kawaida, usimmwagie maji wala kungoja. Piga simu ya dharura: 999 Uingereza, 911 Marekani, 9999 Oman. Weka viganja viwili katikati ya kifua, ubonyeze kwa nguvu, kina cha sentimita 5 hivi, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kama ipo mashine ya kushtua moyo, mwingine aifuate. Ikiwashwa yenyewe huelekeza. Bila msaada huo, kila dakika inayopita hupunguza nafasi ya kupona kwa asilimia 7 hadi 10.

Tunajua kwamba familia nyingi hazipendi maiti ipasuliwe, na wengi hutaka kuzika haraka. Lakini hata bila uchunguzi huo, ndugu wa damu na watoto wa kijana aliyekufa ghafla wanaweza kwenda hospitali kupimwa umeme wa moyo na picha ya moyo. Wamweleze daktari wazi: kwetu kuna aliyekufa ghafla, alikuwa na umri huu, na alikuwa akifanya jambo hili. Maelezo hayo machache humsaidia daktari kujua pa kuanzia.