Safari za Watoto Katika Siku za Masomo

Leo twataka kueleza jambo ambalo walimu wa nchi ya Shinyanga na Geita hulikuta kila muhula. Asubuhi majina yaitwa katika daftari la mahudhurio, na mtoto mmoja haitiki. Wenzake wakiulizwa hujibu, "Amesafiri na wazazi wake." Hakutoroka, wala si mgonjwa. Amechukuliwa kwenda arusini Kahama, au kumwona bibi yake Sengerema, au kukaa kwa mjomba aliyehamia machimboni upande wa Geita. Na shule haijafungwa.

Kwanza tuseme wazi kwamba safari si jambo baya. Mtoto asiyemjua babu yake, wala asiyejua ukoo wake umetoka wapi, amekosa elimu moja kubwa ambayo hakuna mwalimu awezaye kumpa darasani. Mtoto aliyesafiri huona ziwa, miji na watu wa desturi nyingine, akarudi na maneno mapya. Basi hatusemi kwamba watoto wasitembee. Neno letu ni kwamba safari ina majira yake, kama vile kupanda kulivyo na majira yake.

Watu wengi hudhani kwamba majuma mawili si kitu. Na tuhesabu. Mwaka wa shule katika Tanzania umepangiwa siku 194 za masomo. Mtoto akichukuliwa majuma mawili katika muhula wa kwanza, na majuma mawili katika muhula wa pili, amepoteza siku 20, yaani sehemu moja ya kumi ya mwaka. Akifanya hivyo kwa miaka saba, amepoteza siku 140, nazo ni karibu robo tatu za mwaka mzima. Mzazi hakukusudia kumnyima mtoto wake mwaka. Alimnyima siku chache chache, na hakuziandika popote. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Siku za shule nazo ni mali.

Tena hasara haipimwi kwa hesabu ya siku peke yake, kwa sababu masomo hushikana kama pete za mnyororo. Tutoe mfano wa hesabu za sehemu. Juma la kwanza mwalimu hufundisha maana ya kiasi na asili. Juma la pili hufundisha jinsi ya kutafuta sehemu zilizo sawa, kama vile nusu moja na robo mbili. Juma la tatu watoto hujumlisha sehemu zenye asili mbalimbali. Mtoto aliyekuwa safarini juma la pili arudipo huona wenzake wanageuza nusu kuwa robo mbili, naye hajui kwa nini. Huona haya kuuliza. Hunakili jibu la jirani yake, na tangu siku ile hujiambia kwamba hesabu ni ngumu. Hesabu haikuwa ngumu; pete moja ilikatika. Mwalimu naye, akiwa na darasa lililojaa watoto, ni vigumu kumrudia mmoja somo lote tangu mwanzo.

Liko jambo la tatu, nalo ni zito kuliko hayo mawili. Safari nyingine hazina siku ya kurudi. Mvulana aliyekwenda machimboni "kumsalimu mjomba" huombwa kubeba maji, kisha kuponda mawe, kisha kuosha mchanga wa dhahabu. Jioni hupewa fedha kidogo mkononi. Fedha ile humwonyesha kwamba shule ni kupoteza wakati, kwa kuwa yeye bado hajui kwamba mchimbaji hupata leo na kukosa majuma matatu. Juu ya hayo iko zebaki, ambayo wachimbaji wadogo huitumia kushika chembe za dhahabu, kisha huichoma. Moshi wake hauonekani kuwa adui, lakini ni sumu inayodhuru ubongo na mishipa ya fahamu, na mwili wa mtoto ambao bado unakua huumizwa zaidi. Ndiyo sababu sheria ya kazi ya mwaka 2004 inakataza mtu aliye chini ya miaka 18 kuajiriwa katika mgodi.

Msichana naye hupelekwa kwa shangazi aliyejifungua ili amsaidie kulea. Mwezi mmoja huwa miwili, na akirudi darasani amekwisha achwa nyuma. Pengine harudi kabisa, maana yametajwa maneno ya mahari. Wazazi na wakumbuke kwamba tangu mwaka 2016 sheria imeweka kifungo cha miaka 30 kwa yeyote amwoaye mwanafunzi.

Pengine mzee mmoja atasema, "Sisi tulichunga ng'ombe tukawa watu." Ni kweli. Hata Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, ambaye jina lake latajwa kila siku mjini Shinyanga kwa kata na kwa kiwanja cha mpira, alikuwa mtoto wa Butiama aliyeanza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12 hivi. Lakini twaona kwamba mwaka 1937 alikwisha ingia Tabora, na mwaka 1943 alikuwa Makerere. Kuchelewa kuanza ni jambo moja. Kukatizwa kila mara ni jambo jingine. Mwenye kuchelewa aweza kukaza mwendo, lakini mwenye kusimamishwa kila baada ya hatua kumi hafiki.

Sheria yetu nayo imesema. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 humtaka mzazi ahakikishe kwamba mtoto wake aliyeandikishwa anahudhuria shule ya msingi mpaka aimalize. Na tangu Januari 2016 ada imeondolewa hata kidato cha nne, hivyo kile ambacho mzazi hutakiwa kukitoa kila siku ni mtoto mwenyewe. Neno hili si la kwetu tu. Katika Uingereza, baba mmoja alimchukua binti yake mwezi wa Aprili 2015 kwenda kutembea Marekani kwa siku saba za masomo bila ruhusa ya shule. Shauri lake lilipanda mpaka mahakama ya juu kabisa, nayo mwaka 2017 ikaamua kwamba kuhudhuria shule sawasawa maana yake ni kuhudhuria kwa kufuata kanuni za shule, wala si kwa kadiri mzazi aonavyo kuwa yatosha.

Sasa mtauliza, "Tusafiri lini?" Kalenda ya shule na kalenda ya shamba hazikuachana sana katika nchi yetu. Pamba hupandwa mvua zinapoanza, katika Novemba na Desemba, na likizo ndefu ya mwisho wa mwaka huwapa watoto nafasi ya kusaidia palizi. Mnamo Mei na Juni pamba huchumwa na mpunga huvunwa, na shule hufungwa mwezi wa Juni. Ndiyo majira ambayo chakula kimo ghalani, njia zimekauka, na ngoma za Bagika na Bagalu huanza kushindana. Sikukuu ya Bulabo kule Bujora nayo mara nyingi huangukia mwezi huohuo. Je, uko wakati mwema kuliko huo wa kumpeleka mtoto kwa babu yake? Hata huko Uskoti, likizo ya Oktoba iliitwa likizo ya viazi, kwa kuwa watoto walifunguliwa shule wakachimbe viazi mashambani. Walipanga kazi na masomo yapishane, wala yasigombane.

Tena usafiri umekuwa mwepesi. Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, limefunguliwa, na mtu atokaye Mwanza kwenda Sengerema au Geita hangoji tena kivuko. Ziara fupi sasa yaweza kufanywa Jumamosi na Jumapili, na Jumatatu mtoto akawa darasani.

Twajua pia kwamba msiba hauna kalenda, wala ugonjwa. Ikiwa hapana budi mtoto aondoke, tafadhalini fanyeni mambo manne. Mwambieni mwalimu kabla ya kuondoka, wala msimwachie mtoto kupeleka habari. Tajeni siku ya kurudi, na iwe karibu. Mtoto na achukue madaftari yake, asome walau nusu saa kila jioni. Akirudi, mpelekeni kwa mwalimu ili aelezwe ni pete ipi ya mnyororo aliyoikosa. Na ikiwa jamaa nzima yahama kutafuta malisho au mashamba, ombeni barua ya uhamisho, ili mtoto apokelewe katika shule ya huko mwendako asije akapotea katikati ya shule mbili.

Nanyi wanafunzi, mwenzenu arudipo msimcheke. Mpeni daftari lenu anakili, mwonyesheni hesabu aliyoikosa. Na wewe uliyesafiri, usione haya kuuliza. Haya ya siku moja ni nafuu kuliko ujinga wa miaka.

Wazee wetu, mkulima hang'oi mche ili autembeze kwa jamaa, kisha aurudishe shambani. Huungoja uzae, ndipo awapelekee jamaa mavuno. Mtoto naye mwacheni darasani mpaka shule ifungwe. Ndipo aende kwa bibi yake, naye amsomee barua zake. Kwaherini.